Chombo Kidogo, Meli Kubwa: Namna ya Kupita Salama Mlangoni mwa Bandari

Mlango wa bandari ya Dar es Salaam haulali. Mashua na boti za faiba zinaingia na samaki kuelekea soko la Feri. Vivuko vya Magogoni vinapishana kwenda na kurudi Kigamboni vikiwa na watu, magari na mikokoteni. Boti za Zanzibar zinatoka na abiria wao. Katika maji hayo hayo membamba hupita meli ya makontena yenye urefu wa mita 200 au zaidi, rubani wa bandari akiwa ndani yake na tagi, yaani boti za kuivuta, zikiwa ubavuni. Mombasa mambo ni yale yale: kila feri ya Likoni inakata njia ya meli ziendazo bandari ya Kilindini. Unguja nako, mbele ya bandari ya Malindi, boti za watalii ziendazo kisiwa cha Changuu na mashua za wavuvi hupishana na meli za abiria na mizigo.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika usukani wa chombo kidogo katika maji kama hayo: mvuvi wa ngalawa, nahodha wa mashua, kijana wa boti ya mashine, au anayetweka tanga kwa kujifurahisha. Jambo kubwa la kushika ni hili: meli kubwa haiwezi kukukwepa kwa wakati, na mara nyingi haikuoni kabisa. Uamuzi wa kuepusha ajali uko mikononi mwako, na ni lazima uufanye mapema, meli ikiwa bado mbali.

Meli haina breki

Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Meli inayokwenda maili 10 za baharini kwa saa, mwendo ambao baharini huhesabiwa kuwa wa polepole, hukata takriban mita 300 kila dakika. Ikiwa bahari kuu kwa mwendo wa maili 20, hukata zaidi ya mita 600 kwa dakika. Ukubwa wake hulidanganya jicho, ukadhani imesimama au inajikokota. Meli iliyoonekana kama doa kwenye upeo wa macho inaweza kukufikia ndani ya robo saa, kabla hujamaliza kuvuta nyavu.

Kusimama nako ni kazi nyingine. Viwango vilivyopitishwa na Shirika la Bahari Duniani, IMO, mwaka 2002 vinataka meli mpya ikirudishwa nyuma kwa nguvu zote za injini isimame kabla ya kupita umbali wa mara 15 ya urefu wake. Kwa meli kubwa mno, umbali huo unaweza kuruhusiwa kufika mara 20. Piga hesabu: kwa meli ya mita 200, mara 15 ni kilomita 3. Huo ni umbali unaokubalika kwa meli nzima isiyo na hitilafu yoyote.

Ndani ya bandari mwendo hupunguzwa, lakini linakuja tatizo lingine. Usukani wa meli hufanya kazi vizuri pale maji yanapopita kwa nguvu kwenye bamba lake. Meli ikienda polepole mno, usukani hausikii tena, na upepo na mkondo vinaanza kuisukuma vitakavyo. Rubani anajua kwamba kulia na kushoto kwake kuna mwamba na mchanga. Kwa hiyo hawezi kupunguza mwendo ovyo, wala kukata kona kwa ajili ya ngalawa iliyojitokeza mbele yake.

Wewe unaiona, yenyewe haikuoni

Kwenye meli nyingi za mizigo, chumba cha kuongozea kiko nyuma, na makontena yamepangwa kwa safu mbele yake. Kanuni za kimataifa zinaruhusu eneo la bahari lisiloonekana mbele ya omo lifike urefu wa meli mara mbili au mita 500, kile kilicho kidogo kati ya vipimo hivyo. Kwa meli ya mita 200, eneo hilo linaweza kufika mita 400. Ukiwa mita 300 mbele yake, macho yako yamejaa chuma chake, huku walio juu wakitazama makontena na maji yaliyo mbali kukupita.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji kifaa chochote. Tazama juu, uyatafute madirisha ya chumba cha kuongozea. Usipoyaona, jua kwamba aliye ndani naye hakuoni.

Usiitegemee rada ya meli ikukomboe. Mbao na kitambaa cha tanga hurudisha mwangwi hafifu, na chombo kilicho chini juu ya maji hupotea katika mwangwi wa mawimbi. Mvua kubwa ya masika huficha hata vyombo vyenye chuma. Meli kubwa hutambuana pia kwa mtambo wa AIS, unaotangaza jina, mahali na mwendo wa kila moja, lakini ngalawa na mashua nyingi hazina mtambo huo, kwa hiyo kwenye kioo cha nahodha wa meli hazipo kabisa. Kiakisi rada cha bati, chenye sahani zilizokutana kwa pembe mraba na kutundikwa juu mlingotini, husaidia. Hata ukiwa nacho, endelea kujihesabu kuwa huonekani.

Nani ampishe nani

Vyombo vyote baharini vinafuata Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Katika bahari iliyo wazi, kwa kawaida, mambo ni haya:

- Vyombo viwili vya mashine vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kinageuka kulia.
- Vyombo viwili vya mashine vikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha, na asipite mbele yake.
- Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kujitenga naye, hata kama yeye ni wa tanga na anayepitwa ni wa mashine.
- Vyombo viwili vya tanga vikikutana, mwenye upepo ubavu wa kushoto ampishe mwenye upepo ubavu wa kulia. Wote wakiwa na upepo ubavu mmoja, aliye juu ya upepo ampishe aliye chini ya upepo.
- Chombo cha mashine kimpishe aliye chini ya tanga na aliye katika kazi ya kuvua.

Wengi wanaishikilia hiyo ya mwisho na kusahau mpaka wake. Kanuni ya 9 inasema kwamba ndani ya njia nyembamba, chombo chenye urefu chini ya mita 20, na chombo chochote cha tanga, kisizuie meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya njia hiyo. Mvuvi aliye kazini naye asimzuie yeyote anayepita katika njia nyembamba. Kanuni hiyo hiyo inakataza kuikata njia ikiwa kufanya hivyo kutaizuia meli ya namna hiyo, na inataka vyombo viepuke kutia nanga humo. Kwa maneno mengine, mlangoni mwa bandari ya Dar es Salaam au kwenye mkono wa bahari wa Likoni, kuwa na tanga hakukupi ruhusa ya kusimama mbele ya meli.

Hata katika bahari ya wazi, tanga humpisha aliyeshindwa kukiongoza chombo chake na aliyefungwa na kazi, kama vile meli inayochimba mchanga ili kuongeza kina. Boti za mashine nazo ziwe na adabu hiyo hiyo.

Utajuaje kwamba mnaelekea kugongana

Shika mwendo mmoja na mwelekeo mmoja, kaa mahali pamoja, kisha tazama ile meli ikiwa sambamba na kitu kisichosogea chomboni mwako: mlingoti, kamba ya mlingoti, au nguzo ya kivuli cha boti. Subiri dakika moja, tazama tena. Ikiwa imesogea waziwazi kuelekea omo, huenda itapita mbele yako. Ikiwa imesogea kuelekea tezi, huenda itapita nyuma yako. Ikiwa imebaki pale pale kwenye mlingoti huku ikizidi kuwa kubwa, mko katika njia ya kugongana, hata kama inaonekana iko mbali.

Mwenye dira aielekeze kwenye meli na kuisoma mara tatu au nne. Namba zisipobadilika, hatari ipo. Kwa meli ndefu sana usiridhike na badiliko dogo, kwa sababu omo inaweza kukukosa na ubavu ukakupata.

Ukishaamua kupisha, geuza kwa kiasi ambacho aliye juu ya meli atakiona. Kugeuza kidogo kidogo kunamchanganya, naye hajui unaelekea wapi. Mara nyingi njia salama ni kuelekeza omo yako kwenye tezi ya meli, kuiacha ipite, kisha kuendelea na safari. Ukishageuka, shika mwelekeo huo. Kuyumba mbele ya meli, mara kulia mara kushoto, kumewaponza wengi.

Kuvuka njia ya meli

Tuchukue mfano wa ngalawa inayotaka kuvuka mkono wa bahari wenye upana wa mita 500, kwa mwendo wa maili 3 za baharini kwa saa. Kila dakika inakata karibu mita 93, kwa hiyo itahitaji dakika tano na nusu kufika ng'ambo. Katika muda huo, meli inayokuja kwa maili 10 kwa saa itakuwa imekwenda takriban mita 1,700. Hapo hatujahesabu upepo kupungua, mkondo kukuvuta, au mtu kuhangaika na kamba iliyonasa. Ukiongeza nafasi ya mambo hayo, meli yoyote iliyo ndani ya kilomita 3 na inayokuja upande wako ni sababu tosha ya kungoja.

Kungoja kwenyewe kuna mahali pake. Njia ya meli huwekewa maboya, na katika nchi zetu unapoingia bandarini maboya mekundu yanakuwa kushoto kwako na ya kijani kulia. Meli kubwa inahitaji maji ya kina kirefu na haiwezi kutoka nje ya mstari huo. Mashua yako inaelea kwenye maji ambayo meli ingekwama. Kwa hiyo, maji yakiruhusu, safiri nje ya maboya, na ngojea huko huko.

Unapovuka, vuka kwa kukata njia moja kwa moja, kona mraba, ili ukae humo muda mfupi iwezekanavyo. Usivuke kwa mshazari mrefu. Mwenye tanga apige bisho zake zote nje ya njia, na aingie njiani pale tu anapojua kwamba upepo utamtoa ng'ambo kwa mkupuo mmoja. Mwenye mashine awashe kabla ya kuingia njiani, hata kama ana tanga zuri. Tazama pande zote mbili, kisha tazama nyuma ya chombo kinachopita, kwa sababu mara nyingi cha pili kinakuja kimefichwa na cha kwanza.

Hesabu pia maji. Wakati wa bamvua mkondo wa kujaa na kupwa una nguvu zaidi kuliko wakati wa maji mafu, na katika mlango mwembamba huzidi. Maji yakikimbia upande mmoja na upepo ukivuma upande wa pili, mawimbi husimama na kuvunjika. Chombo kilichovuka vizuri asubuhi kinaweza kushindwa mchana pale pale.

Vivuko na boti ziendazo kasi

Kivuko cha Magogoni au feri ya Likoni si meli ndefu, lakini ina hatari zake. Vyombo vingi vya aina hii vina mlango wa magari kila upande, na huenda mbele au nyuma bila kugeuka. Ukikiangalia kikiwa gatini huwezi kujua omo ni ipi. Tazama mlango wa magari: ukianza kuinuka, kivuko kinaondoka. Tazama maji: povu likichemka upande mmoja, ujue mapangaboi yameanza kusukuma na chombo kitaelekea upande wa pili.

Usipite kati ya kivuko na gati lake, hata kama kimesimama. Usikate mbele ya kivuko kilichokwisha kuondoka ukitumaini kwamba kitakungoja, maana kimebeba mamia ya watu na nahodha wake anapambana na mkondo ule ule unaokusukuma wewe. Pita nyuma yake, kwa umbali, kwa sababu maji yanayotupwa na mapangaboi yanaweza kuizungusha ngalawa. Kumbuka pia kwamba vivuko hukwepa meli kubwa: kivuko kikisimama ghafla katikati ya maji au kikigeuka bila sababu unayoiona, tafuta meli inayokuja.

Boti za mwendo kasi za Dar es Salaam na Unguja ni habari nyingine. Boti ya maili 25 za baharini kwa saa hukata zaidi ya mita 700 kila dakika. Kati ya kuiona na kufikiwa nayo, una dakika chache mno za kuvuta nanga. Wavuvi wa maeneo hayo wanaijua njia yake na saa zake. Mgeni aulize kabla ya kutoka, na asitege wala kutia nanga katika njia hiyo.

Mawimbi ya boti hizo hufika baada ya boti yenyewe kupita, wakati watu wameshatulia. Ukiona boti imepita, fanya mambo manne bila kuchelewa:

1. Acha kuvuta nyavu, na watu wote wakae chini, katikati ya chombo.
2. Punguza mwendo wa mashine, usiizime.
3. Elekeza omo kwenye mawimbi, kwa mshazari kidogo, yasikupige ubavuni.
4. Kaa hivyo hadi wimbi la mwisho lipite, maana huja kwa kundi.

Mawimbi hayo yakifika maji mafupi hupanda juu na kuvunjika. Ukingojea pembeni mwa njia, usijisogeze hadi kwenye mwamba au fungu ambako yatavunjikia juu yako. Meli kubwa nayo ikipita mahali pembamba huyavuta maji ya ufukweni yakashuka, kisha yakarudi kwa nguvu. Watoto wanaooga na vyombo vilivyofungwa karibu vinaweza kuchukuliwa na maji hayo.

Kivuli cha upepo, meli iliyotia nanga, na tagi

Mwenye tanga ana adui asiyeonekana. Meli kubwa inapopita upande unaotoka upepo, ukuta wake huzuia upepo wote. Tanga linalegea, ngalawa inasimama, nawe uko mita chache kutoka ubavu wa chuma. Kisha meli ikishapita, upepo unarudi kwa mkupuo na kulipiga tanga lililolegea, na foromali inaweza kugeuka na kumpiga mtu au kukipindua chombo. Dawa yake ni umbali. Ukilazimika kupita chini ya upepo wa meli, kasia ziwe mkononi, mtu mmoja ashike demani tayari kuiachia, na wengine wainamishe vichwa.

Meli iliyotia nanga inaonekana haina madhara, na hapo ndipo watu hujisahau. Mkondo humsukuma mwenye chombo kidogo hadi kwenye mnyororo wa nanga au chini ya omo, ambako hakuna pa kushika. Pita nyuma ya tezi yake, na uweke nafasi, kwa sababu hata pangaboi lililotulia linaweza kuanza kuzunguka. Meli isiyo na mzigo huinuka juu, na pangaboi lake likatokeza nusu nje ya maji.

Tagi ikivuta tishari au meli, kati yake kuna kamba nzito ambayo sehemu kubwa imezama. Usipite kati ya tagi na kinachovutwa, hata pakionekana peupe. Usiku tagi inayovuta huonyesha taa nyeupe mbili au tatu zilizopangwa juu na chini kwenye mlingoti, na nyuma yake taa ya njano juu ya nyeupe.

Usiku

Rangi ni tatu: nyekundu upande wa kushoto wa chombo, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo kinakuja moja kwa moja kwako. Ukiona nyekundu peke yake, unatazama ubavu wake wa kushoto. Ukiona kijani peke yake, unatazama ubavu wake wa kulia. Ukiona nyeupe peke yake, huenda kinakwenda zake, kimetia nanga, au ni mashua ndogo kama yako.

Meli ya mita 50 au zaidi huwa na taa mbili nyeupe za milingoti, na ya nyuma iko juu zaidi kuliko ya mbele. Hizo ndizo zinazoonekana kwanza kutoka mbali. Zikiachana, meli inakatisha mbele ya macho yako. Zikianza kusogeleana, inageuka kuja upande wako. Zikisimama wima, moja juu ya nyingine, omo imekuelekea wewe. Ondoka hapo hapo.

Chombo cha tanga cha chini ya mita 7, na cha makasia, kisichoweza kubeba taa za rangi, kinatakiwa na kanuni kiwe na tochi au taa nyeupe tayari, na kiionyeshe mapema ili kuzuia kugongana. Tochi ikae mkononi mwa mtu aliye macho, isifungiwe kwenye mfuko chini ya samaki. Imulike kwenye tanga lako lijae mwanga, kisha ielekeze kwa muda mfupi kwenye chumba cha kuongozea cha meli. Wavuvi wa dagaa wanaotumia karabai au taa za betri wakumbuke kwamba mwanga huo unawapofusha wenyewe. Mmoja wao akae akitazama giza, mgongo wake ukiwa kwenye taa.

Lugha ya honi

Mlio mfupi ni wa kama sekunde moja, na mrefu ni wa sekunde nne hadi sita. Mlio mfupi mmoja: ninageuka kulia. Miwili: ninageuka kushoto. Mitatu: injini yangu inasukuma kinyumenyume. Mifupi mitano au zaidi kwa haraka: sielewi unachofanya, ninaona hatari. Ukisikia mitano na meli iko karibu, chukulia kwamba unaambiwa wewe, na utoke njiani kwa mkato mfupi zaidi. Mlio mrefu mmoja kwenye kona hutangaza kwamba kuna chombo kinachokuja na bado hakionekani.

Kabla ya kutoka

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama Mombasa na watu 272 wakafa. Chombo kilichozidisha mzigo hakigeuki, hakipandi wimbi, na hakiwahi kukwepa. Kabla ya kuondoka ufukweni, kagua haya:

- Jaketi okozi kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa. Jaketi lililo chini ya nyavu halimsaidii aliyeanguka majini.
- Kasia au kafi, hata kwenye boti ya mashine, pamoja na mafuta ya akiba.
- Nanga yenye amari ndefu, na kitu cha kukumbia maji.
- Tochi mbili zenye betri nzima, filimbi au honi, na kitambaa cha rangi kali.
- Simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingiza maji. Mwenye uwezo awe na redio ya VHF na asikilize chaneli ya 16.
- Taarifa ya hali ya hewa baharini kutoka mamlaka ya hali ya hewa, saa za maji, na saa za boti za abiria.
- Mtu aliyebaki nchi kavu anayejua mmekwenda wapi na mtarudi lini.

Waswahili walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Mbele ya meli hakuna muda wa mashauri. Amri iwe ya mtu mmoja, na mwingine awe na kazi moja tu ya kutazama. Aliyekunywa pombe asishike usukani.

Mambo yakiharibika

Mashine ikizima ndani ya njia ya meli, usianze kwa kuifungua. Kwanza shika kasia au tweka tanga, toka nje ya maboya, tia nanga huko, ndipo ushughulike na plagi. Ukishindwa kutoka, jionyeshe: nyosha mikono yote miwili pembeni, uiinue na kuishusha polepole tena na tena. Hiyo ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada. Piga filimbi au honi mfululizo. Mwenye redio aite kwenye chaneli ya 16, aseme «Mayday» mara tatu, jina la chombo, mahali alipo, idadi ya watu na tatizo. Vituo vya kuratibu utafutaji na uokoaji viko Dar es Salaam na Mombasa. Uliza namba zao za simu kwa TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini Tanzania Bara, kwa mamlaka ya usafiri baharini ya Zanzibar au ya Kenya, au bandarini kwako, na uziandike ndani ya chombo kwa rangi isiyofutika.

Chombo kikipinduka, msikiache. Mbao huelea, na waokoaji huona chombo kilichopinduka kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Anayejaribu kuogelea kwenda ufukweni katika mkondo wa bandari huchoka kabla ya kufika.

Wenye vyombo, wanunulieni mabaharia wenu majaketi na tochi kabla ya kuwanunulia mashine kubwa zaidi. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) na wa madiko, kaeni na watu wa bandari na wa vivuko, mpeane saa na njia, muwafundishe vijana taa na honi kabla hawajakabidhiwa usukani. Nawe nahodha, ukiiona meli na ukajiuliza kama utawahi kupita mbele yake, usijaribu. Ngoja ipite, kisha uvuke.